Mvua Moja, Tarakimu Tatu

Shemeji yangu anakaa upande wa pili wa Cedar Rapids, mji wetu huku Iowa, Marekani, mwendo wa robo saa kwa gari kutoka kwangu. Asubuhi moja ya Julai alinipigia simu hata chai sijaimaliza. "Shemeji, mmeamkaje huko? Huku mvua imetupiga usiku kucha, chumba cha chini ya nyumba kimeingia maji." Mimi nilikuwa nimetoka uani muda uleule, na kipimamvua changu kilikuwa na milimita sita tu. Programu ya simu yangu ilisema kumi na mbili. Kituo cha uwanja wa ndege kilikuwa kimeandika thelathini. Yeye shemeji, ambaye hana kipimo, alikuwa na ndoo iliyojaa nusu, na aliiamini ndoo yake kuliko sisi wote.

"Sasa nani anasema kweli?"

Swali hilo naulizwa kila mwaka joto likishika: kanisani, kazini, hata na watu wa nyumbani Bukoba, wanaoshangaa mtu mzima kuamka kila siku kwenda kuchungulia mrija wa maji. Jibu langu ni kwamba tarakimu zote tatu zinaweza kuwa sahihi, kwa sababu hakuna hata mbili zilizopima kitu kimoja. Kila moja ina mahali pake, ina saa zake, na ina njia yake ya kuyapata maji. Nitavieleza hivyo vitatu, na ndoo ya shemeji nitaifikia.

Kwanza kuhusu neno lenyewe. Hapa Iowa, katikati ya Marekani, miezi ya Juni hadi Agosti wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tunaiita kiangazi. Neno hilo linapotosha. Kiangazi cha kwetu ni jua, vumbi na majani makavu. Cha huku ni msimu wa dhoruba za radi. Hewa yenye unyevu husafiri kutoka Ghuba ya Meksiko mpaka huku kaskazini, na ikifika inakuta mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, ambayo nayo yanatoa jasho. Ekari moja ya mahindi yaliyostawi inaweza kurusha hewani lita 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku moja. Ukisimama kando ya shamba mwishoni mwa Julai unasikia uzito wa hewa kifuani.

Uzito huo watu huutafuta kwenye asilimia ya unyevunyevu, na hapo ndipo wanapopotea. Asilimia hubadilika na joto hata kama maji yaliyomo hewani hayajaongezeka wala kupungua. Asubuhi kipimajoto kikiwa kwenye nyuzi 22, unyevunyevu unaweza kusoma asilimia 95. Mchana joto likifika 33, hewa ileile yenye maji yaleyale itasoma asilimia 50 hivi, na mtu atasema hewa imekauka, huku shati limemganda mgongoni. Kipimo kinachosema ukweli ni nukta ya umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipozwa hadi hapo, maji yake yanaanza kuwa matone. Katika mfano huo haikubadilika: ni nyuzi 21 asubuhi na mchana. Ikipita 20, mwili unaanza kulalamika. Ikigusa 24, najua dhoruba ikipata tu cha kuichokoza, itakuwa na kuni za kutosha. Ndiyo maana kwenye daftari langu nukta ya umande ina safu yake.

Sasa kipimamvua. Changu ni cha plastiki angavu, hakina betri wala waya. Juu kina faneli yenye kipenyo cha inchi nne, kama sentimita kumi. Faneli inamimina maji kwenye mrija mwembamba uliosimama ndani ya silinda pana. Mdomo wa faneli una eneo mara kumi ya eneo la mrija, kwa hiyo mvua ya milimita moja inasimama milimita kumi ndani ya mrija, na jicho linaweza kusoma mpaka sehemu moja ya mia ya inchi. Mrija unajaa mvua ikifika inchi moja, milimita 25. Ikizidi, maji yanafurika kwenye silinda ya nje na kukungoja humo. Asubuhi unausoma mrija, unaumwaga, unaujaza tena kwa maji ya nje, unasoma, unajumlisha. Siku ya mvua kubwa kazi hiyo ina raha yake.

Wengi hudhani chombo kipana kitapima mvua nyingi zaidi. Hapana. Weka kopo la rangi na pipa uani, ubavu wa vyote viwili ukiwa umenyooka wima, na maji yatasimama kwa kina kilekile. Pipa limepokea maji mengi, lakini limeyatandaza juu ya kitako kikubwa. Kosa la ndoo ni kwamba ubavu wake umelala: mdomo mpana, kitako chembamba. Maji yaliyoingia kwa mdomo mpana yanarundikana chini, na kina kinaonekana kikubwa kuliko mvua iliyonyesha. Nilipomuuliza shemeji ndoo ilikaa wapi, akasema chini ya ukingo wa paa. Basi ndoo ile ilikuwa inapima maji ya paa. Na maji ya paa si haba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita kumi kwa kumi likipata milimita 25 limekusanya lita 2,500, sawa na madumu 125 ya lita ishirini. Ukiifanya hesabu hiyo mara moja, hutashangaa tena chumba cha chini kikiingia maji.

Mahali pa kuweka kipimo napo pana mambo yake. Mti au nyumba ikiwa karibu, inakinga mvua inayokuja kwa ubavu, na mvua za dhoruba karibu zote huja kwa ubavu. Kanuni inayofuatwa ni kukaa mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wake. Kwa uwanja mdogo kama wangu haiwezekani kila upande, nikachagua pale penye afadhali na kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari mti uko wapi na una urefu gani. Atakayesoma namba zangu ana haki ya kujua.

Usiku wa kuamkia

Hapa ndipo fundo lilipokaza zaidi, na ndipo milimita nyingi zinapopotea bila mtu kuiba.

Nimejiunga na mtandao wa wapimaji wa kujitolea uitwao CoCoRaHS, wenye maelfu ya watu wanaopima mvua uani mwao. Unamtaka kila mtu asome kipimo ikiwezekana saa moja asubuhi. Wamarekani wanaiita saa saba. Kwa hesabu yetu ni saa ya kwanza ya mchana, na sikuhitaji kuizoea. Namba ninayoiandika tarehe 11 Julai ni ya mvua yote iliyoanguka tangu saa moja asubuhi ya tarehe 10. Kwa kawaida vituo vya viwanja vya ndege huhesabu siku kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane.

Ichukue dhoruba iliyoanza saa nne usiku na kumalizika saa tisa usiku. Kwangu yote ni mvua ya tarehe 11. Kwa uwanja wa ndege imekatwa vipande viwili, kipande cha kumi na kipande cha kumi na moja. Mtu akilinganisha safu mbili hizo bila kujua, ataona siku moja nina mvua nyingi kupita kiasi na siku ya jana yake sina kitu, atasema mpimaji wa nyumbani hajui kazi. Wenzangu Wamarekani huhangaika sana na jambo hili wakianza. Mzungumzaji wa Kiswahili ana njia ya mkato, kwa sababu sisi tangu zamani tunasema usiku wa kuamkia Jumanne. Usiku ni wa siku inayokuja. Daftari la saa moja asubuhi linahesabu hivyohivyo.

Jambo hili lingekuwa dogo kama mvua zingenyesha mchana. Lakini katika nyanda hizi sehemu kubwa ya mvua ya majira ya joto huanguka usiku. Jua likizama, ardhi inapoa, na upepo ulioko mita mia kadhaa juu unaachiliwa na msuguano wa chini, unakaza mbio kutoka kusini kama mto, ukibeba unyevu wa Ghuba. Mto huo ndio unaozilisha dhoruba mpaka alfajiri. Nilipojifunza hili nilikumbuka Bukoba, ambako mvua na radi hutuamsha asubuhi, kwa sababu nyingine kabisa: usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote za Ziwa Viktoria hukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanajengeka huko, kisha upepo wa mashariki unayasukuma kwetu, ukingo wa magharibi. Mahali pawili, sababu mbili, na mtu yuleyule anaamshwa na ngurumo.

Umbali wa barabara chache

Saa zikilingana, bado kuna mahali. Wingu la radi moja linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Linapita juu ya mtaa mmoja, mtaa wa pili unapata manyunyu.

Mtandao wetu wenyewe ulizaliwa na msiba wa namna hiyo. Tarehe 28 Julai 1997 mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado, ulipigwa na mafuriko ya ghafla. Upande mmoja wa mji ulipata zaidi ya futi moja ya mvua, milimita 300 na zaidi, na sehemu nyingine za mji uleule zilipata mvua ya kawaida tu. Watu watano walikufa. Vipimo rasmi vilikuwa vichache mno kuonyesha tofauti hiyo ilipokuwa inatokea. Mwaka uliofuata, 1998, wataalamu wa kituo cha tabianchi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, akiwemo Nolan Doesken, wakaanza kuwaomba watu wa kawaida wapime mvua nyumbani kwao kwa chombo cha aina moja. Sipendi kuikumbuka asili hiyo kwa haraka. Watu watano.

Na programu ya simu je? Mara nyingi nyuma yake kuna rada na hesabu za kompyuta. Rada haioni maji yaliyofika ardhini. Inatuma mawimbi, inasikiliza mwangwi kutoka kwenye matone yaliyo angani, halafu inakadiria. Rada iliyo karibu nasi iko Davenport, takriban kilomita mia moja. Mwale wake wa chini kabisa unaelekezwa juu kidogo, na dunia nayo imepinda, kwa hiyo ukifika juu ya paa langu uko karibu kilomita moja na nusu angani. Katika kilomita hiyo na nusu tone linaweza kukauka, linaweza kusukumwa na upepo hadi kwa jirani. Na mawe ya mvua yaliyoanza kuyeyuka yanarudisha mwangwi mkubwa sana, rada ikadhani ni gharika. Hata hivyo siidharau. Inaona mahali ambapo hakuna mtu mwenye kipimo, na inaona dhoruba ikiwa bado mbali. Wataalamu hutumia vipimo vya ardhini, vikiwemo vya watu kama mimi, kusahihisha makadirio yake.

Kituo cha kielektroniki cha nyumbani nacho kina tabia yake. Vingi vina kijiko cha kupinduka: maji yakifika kiasi fulani kijiko kinapinduka na kuhesabu moja. Mvua ikiwa ya kumimina, maji yanaendelea kuingia wakati kijiko kiko katikati ya kupinduka, na hayo hayahesabiwi. Ninacho kimoja, na usiku wa mvua kubwa husoma pungufu ya mrija wa plastiki karibu kila mara. Nakipenda kwa jambo lingine: kinaniambia mvua ilinyesha saa ngapi, jambo ambalo mrija hauwezi.

Dhoruba inapopita juu ya paa

Kwangu mimi uzuri wa kazi hii uko katika zile dakika ishirini kabla ya tone la kwanza, ukiangalia vipimo vyote kwa pamoja kutoka ndani ya nyumba.

Mchana wa namna hiyo upepo unatoka kusini, joto 32, hewa nzito. Mgandamizo wa hewa umekuwa ukishuka taratibu tangu asubuhi. Mara upepo unanyamaza. Halafu unageuka, unakuja kutoka magharibi kwa kishindo, na joto linaporomoka nyuzi kumi kwa dakika chache. Wakati huohuo baromita, chombo kinachopima mgandamizo huo, iliyokuwa ikishuka, inaruka juu. Mvua bado. Anayeanza hudhani chombo kimeharibika, kwani amefundishwa kwamba dhoruba ni mgandamizo mdogo.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya wingu mvua inaanguka ikipita kwenye hewa isiyoshiba maji. Sehemu ya matone inakauka, na kukauka kunanyonya joto, kama ngozi inavyopoa ukitoka kuoga ziwani upepo ukivuma. Hewa iliyopozwa ni nzito. Inaporomoka chini, inagonga ardhi, na kwa kuwa haina pa kwenda inatawanyika pande zote, kama ndoo ya maji iliyomwagwa kwenye sakafu ya saruji. Ule upepo wa baridi ni ukingo wa maji hayo yanayotambaa, unatangulia mvua yenyewe. Baromita inaruka kwa sababu sasa juu ya kichwa chako kuna hewa nzito kuliko iliyokuwapo.

Watu wa nyumbani wakinunua baromita hukata tamaa nayo, na wana sababu. Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka kila siku kwa ratiba: juu kama saa nne asubuhi, chini kama saa kumi jioni, tofauti ikiwa hektopaskali (kizio cha mgandamizo) tatu hivi, mvua iwepo isiwepo. Mtu wa Mwanza akiona sindano inashuka alasiri asianue nguo kwa ajili hiyo. Kingine ni mwinuko. Cedar Rapids iko karibu mita 250 juu ya usawa wa bahari, na hiyo tu inapunguza kama hektopaskali thelathini. Ndiyo maana kila kituo hurekebisha namba yake iwe kana kwamba kiko baharini kabla ya kulinganishwa na kingine.

Radi ikianza, sitoki. Hesabu ya kawaida ni kuhesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Lakini ukiweza kuisikia ngurumo, uko karibu vya kutosha kupigwa, na ushauri ni kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Maji ya mrija hayaendi popote.

Upepo sitauzungumzia sana kama kipimo cha nyumbani, kwa kuwa vyetu vingi viko chini mno. Kiwango cha kimataifa ni mita kumi juu ya ardhi iliyo wazi. Changu kiko juu ya banda, miti imekizunguka, na kila namba yake ni pungufu. Ila siwezi kuishi mji huu nisitaje tarehe 10 Agosti 2020. Mchana ule, muda mfupi baada ya saa sita na nusu, Cedar Rapids ilipigwa na kile wanachokiita dereko: safu ndefu ya dhoruba iliyosukuma upepo wa kunyooka kutoka Dakota Kusini mpaka Ohio, zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa kumi na nne. Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake. Mimi nilifika baadaye; visiki nilivikuta. Atkins, kijiji kilicho magharibi kidogo mwa mji, kipimo kilisoma maili 126 kwa saa, sawa na kilomita 203. Namba inayotajwa zaidi, maili 140, haikusomwa na chombo chochote. Wataalamu waliikadiria kwa kuangalia jinsi majengo yalivyobomoka. Zote mbili ni za kuaminika, lakini moja ni kipimo na nyingine ni makadirio, na daftari zuri linazitenga.

Neno dereko lilianzia hapahapa. Gustavus Hinrichs, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa, alianzisha mwaka 1875 huduma ya hali ya hewa ya jimbo hili akiwategemea wapimaji wa kujitolea. Mwaka 1888 alichapisha maelezo ya dhoruba iliyovuka Iowa tarehe 31 Julai 1877, akaipa jina la Kihispania lenye maana ya kunyooka, ili kuitenga na tonado ambayo huzunguka. Kutenga huko kunaonekana ardhini: tonado huacha miti imelala huku na kule, dereko huilaza upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

Shemeji amenunua kipimamvua chake sasa. Wiki ya kwanza alinipigia kila asubuhi, ya pili akanyamaza. Nikamuuliza, akasema, "Mvua haijanyesha, niandike nini?" Nikamwambia aandike sifuri. Kisanduku kitupu hakisemi kama hakukunyesha au kama hakuwepo mtu wa kuangalia. Sifuri inasema mtu alitoka nje saa moja asubuhi, akatazama, akakuta mrija mkavu. Ramani ya ukame ya Marekani inayotolewa kila Alhamisi inaandaliwa na watu wanaozisoma sifuri hizo pia, na msimu wa mahindi sifuri kumi mfululizo zina uzito kuliko dhoruba moja.

Anaandika. Nimemkumbusha pia kwamba Oktoba ikielekea kwisha autoe mrija na faneli aviweke ndani, abaki na silinda ya nje peke yake, maana maji yakiganda usiku mmoja mrija unapasuka.